Jino moja la mbele

Ukishapita geti la hifadhi pale Sigi na barabara ikaanza kujikunja kupanda Amani, kuna kona moja ya udongo mwekundu ambapo kwa miaka mitatu abiria wangu walikuwa wanashuka. Sikuwahi kumwambia mtu shuka. Walishuka wenyewe. Wakisikia injini imeanza kuguna na pikipiki inataka kusimama, wanaweka mguu chini, wanajifunga kanga vizuri, wanapanda kwa miguu mpaka kona iishe. Masika ya mwaka mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya mafuta ya kula mkononi alishuka kwenye matope, akateleza, ndoo ikaenda korongoni. Mtoto hakupata hata mchubuko, alhamdulillahi. Mafuta yalikuwa lita 10, ya kukaangia maandazi ya biashara. Nililipa. Lakini kile kishindo cha ndoo ikigonga mawe huko chini sikukisahau, na tangu siku ile nikawa sitaki tena mtu ashuke pale.

Kazi yangu ni viungo. Nanunua iliki, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa Amani na vijiji vya jirani, nateremsha Muheza, nyingine nafikisha Tanga mjini. Kupanda sipandi mtupu: nabeba sukari na unga wa maduka ya huko juu, au nabeba abiria. Nyumbani ni Makorora, na aliyezoea Tanga mjini anajua kuwa pikipiki kule haina shida. Mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa namba, imenyooka na ni tambarare kama mkeka; ndiyo maana mji wetu ulikuwa mji wa baiskeli kabla bodaboda hazijaja. Shida inaanza ukiiacha lami. Asubuhi uko usawa wa bahari, jioni uko karibu mita 900 juu, kwenye ukungu. Hewa ya kule ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Raskazone, ufukweni kwetu Tanga mjini, na injini ya kabureta inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Yaani nguvu inapungua pale pale mlima unapoihitaji.

Piga hesabu kidogo. Pikipiki kilo 115, mimi 70, mfuko wa sukari na kiroba cha unga 75. Jumla kilo 260. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, mzigo huo unakuvuta nyuma kama vile umening'iniziwa kilo 26 kwa kamba. Na ile kona ni kali kuliko hivyo. Nilikuwa naiingia na gia ya pili, injini inazama, narudisha ya kwanza katikati ya matope, na ule muda mfupi wa kubana klachi unatosha kuua mwendo wote. Ukishasimama pale umesimama.

Kukimbia sikuwa na haja nako. Nilichotaka ni kile ambacho vijiweni tunakiita kuchomoka na vitabu vya fizikia vinakiita mchapuko: kutoka kwenye kusimama, au kwenye mwendo wa kusinzia, ukapata mwendo haraka na mzigo ukiwa mgongoni.

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Akanisikiliza, akasema dawa ni injini: tuchonge bloku, tuweke pistoni kubwa zaidi, utaona. Nikakubali, nikatoa pesa ya miezi miwili. Wiki tatu za kwanza pikipiki ilivuta kweli, siwezi kusema uongo. Mwezi wa tatu ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Mwezi wa nne, karibu na Pongwe, ikanoki barabarani nikiwa na gunia la pilipili manga la mtu. Nilipoifungua kwa fundi mwingine, kuta za silinda zilikuwa zimechanika mistari kama zimepigwa kucha. Nikanunua bloku mpya ya kipimo kile kile cha kiwandani, pistoni yake, ringi zake, na nikaapa sitaigusa tena injini inayofanya kazi vizuri.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na alinifungulia kutoka mahali ambapo sikutegemea. Yuko Kanada, jimbo la Quebec, ni fundi kwenye gereji ya mitambo midogo. Majira ya joto wanatengeneza mashine za kukatia majani na boti. Msimu wa baridi wanatengeneza pikipiki za theluji. Mbele zina skii mbili za kuongozea, nyuma hakuna tairi, kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka kama minyororo ya kifaru cha jeshi. Binamu analiita zulia. Nilipomtumia sauti ya WhatsApp kumlalamikia habari ya pistoni, akanijibu kwa sauti ya dakika sita, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Kaka," akasema, "huku wateja wetu wote wanataka mashine ichomoke. Wote. Na tisa kati ya kumi hatuwafungulii injini. Tunafungua kule ambako nguvu inapita kwenda chini."

Akanieleza kwamba pikipiki ya theluji haina gia kama zetu. Kwenye shafti ya injini kuna puli yenye sahani mbili, moja imetulia, nyingine inasogea. Puli ya pili, nayo ya sahani mbili, inapeleka nguvu kwenye zulia. Katikati yao kuna mkanda wa mpira. Injini ikiwa inapumua tu, sahani za puli ya mbele zimeachana na mkanda unalegea katikati yake. Ukivuta mafuta, vyuma vidogo vya uzito vilivyomo ndani ya puli vinatupwa nje na ule mzunguko, vinaisukuma sahani, sahani inaubana mkanda, mashine inaondoka. Mwendo ukiongezeka mkanda unapanda juu kwenye puli ya mbele na kuzama kwenye ya nyuma. Ni kama baiskeli yenye gia zisizo na idadi, inayojibadilisha yenyewe bila kukata nguvu hata nukta moja.

Hapo ndipo ufundi wao ulipo. Kila injini ina mzunguko wake ambao kwenye huo inatoa nguvu zote ilizonazo. Tuseme ni mizunguko 8,000 kwa dakika. Mpanda theluji akivuta mafuta yote na mshale ukakaa 7,500, maana yake vile vyuma vya uzito ni vizito mno: vinaubana mkanda mapema, vinaibebesha injini kabla haijafika kwenye nguvu yake. Ukivipunguza gramu moja au mbili kila kimoja, mshale unapanda. Ukipunguza kupita kiasi injini inalia tu, mashine haiendi. Springi ya puli ya mbele inaamua ni mzunguko gani mashine inaanza kuondoka. Puli ya nyuma ina mfereji wa mshazari unaohisi mzigo: theluji ikiwa nzito au mlima ukianza, mfereji unaibana puli na kurudisha mkanda kwenye uwiano wa nguvu. Wanaopanda milima mirefu ya kule wanabeba vyuma vyepesi kwa ajili ya huko juu, kwa sababu hewa imewapunguzia injini na wao wanapunguza kazi ya injini ilingane nayo. Nilipofika hapo kwenye sauti yake nikaisimamisha, nikairudia. Alikuwa anaizungumzia kona yangu ya Sigi.

Nikawa nasoma habari za mashine hizi usiku, na nikakutana na mwanzo wake, ambao sitaki kuupita haraka. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi wa magari katika mji mdogo wa Valcourt, huko huko Quebec. Miaka mingi alikuwa akijaribu kutengeneza chombo cha kupita juu ya theluji. Januari 1934 mtoto wake wa kiume wa miaka miwili akaumwa tumbo, akahitaji kupasuliwa haraka. Barabara zote zilikuwa zimefukiwa na theluji. Chombo kilichokuwa gereji kwake kilikuwa bado hakijakamilika. Mtoto akafariki. Bombardier akaendelea na kazi, na mwaka 1937 akapata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mfumo wake wa kuendeshea. Kiini chake kilikuwa gurudumu la meno lililovikwa mpira, linalolikamata zulia la mpira na kulizungusha bila kuteleza. Spoketi. Magari yake ya kwanza ya theluji yalibeba watu saba, yakatumiwa na madaktari na watu wa posta. Ile mashine ndogo ya kupanda kama pikipiki, Ski-Doo, ilikuja 1959.

Sisi huku hatuna theluji, lakini masika yanapoharibu barabara tunajua maana ya mgonjwa kuwa upande mmoja na hospitali upande mwingine. Pikipiki yangu imeshateremsha watu watatu Muheza usiku. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za kuchomoka ni mambo ya vijana wa mashindano, huwa namtazama tu.

Binamu alikuja likizo mwezi wa saba, wakati theluji kwao hakuna. Siku ya pili tu akaanza kuzungukazunguka skuta ya dada yangu iliyokuwa barazani. Dada ni mwalimu, anakwenda nayo Pongwe kila siku, na kwa mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba akitaka kuingia barabara kuu pale Kange, skuta inasitasita wakati mabasi yanakuja. Injini nzima, inawaka mara moja, hailali. Lakini kuondoka inajivuta.

"Dada, upande huu umeshawahi kufunguliwa tangu uinunue?" binamu akamuuliza.

"Mimi najua kuweka mafuta na kuosha, mdogo wangu. Huko ndani kuna nini?"

Akatandika gunia, akachukua spana ya T namba 8, akafungua kifuniko cha pembeni. Ukamwagika unga mweusi wa mpira, kama masizi ya jiko la mkaa. Ndani kulikuwa na puli mbili na mkanda. Binamu akanyamaza kidogo, kisha akaniita kwa mkono. "Njoo uone, kaka. Hii ndiyo ile ile." Kweli, ilikuwa pikipiki ya theluji ndogo, imekaa barazani Makorora. Puli ya mbele yenye sahani inayosogea, na ndani yake, badala ya vyuma vya kwao vinavyotupwa kwa bawaba, rola sita ndogo zinazopanda kwenye vijia vyake kadiri injini inavyozunguka.

Alizitoa moja moja akazipanga kwenye kitambaa. Zilitakiwa kuwa mviringo. Zilikuwa zimelika, kila moja ina upande bapa, kama punje ya mahindi. Akanionyesha kwa kidole: rola bapa inakwama kwenye kijia chake, haitelezi kurudi chini, kwa hiyo skuta ikisimama puli hairudi mwanzo kabisa. Ukiondoka unaondoka kama mtu aliyeanzia gia ya pili. Mkanda nao ulikuwa umeliwa pembeni. Mkanda mwembamba unazama ndani zaidi ya puli, na uwiano wa kuondokea unaharibika zaidi. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni injini.

Tulitaka kujua uzito wake na mizani yangu ya iliki haisomi gramu. Tukaenda kwa sonara mmoja Ngamiani, mzee ninayemfahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeniletea nini?"

Akazitazama, akaifuta kila moja kwa kitambaa chake cha dhahabu, akaiweka kwenye mizani yake ndogo yenye kioo. Gramu 12.6. Gramu 11.8. Gramu 12.1. Zilikuwa zimeandikwa 13 na hakuna mbili zilizolingana. Mzee aliandika namba zote sita kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko wa kunyooka, akakataa pesa, akasema tukishamaliza tumletee habari.

Tukaagiza rola mpya na mkanda Kariakoo, vikaja na basi siku ya pili. Binamu aliweka tatu za gramu 13 na tatu za gramu 11, kwa kupishana, nzito nyepesi nzito nyepesi, ili puli isipate kuyumba. Wastani wake gramu 12: nyepesi kidogo kuliko za kiwandani, injini ipande mzunguko kabla mkanda haujaanza kubadilika. Sahani akazisafisha kwa kitambaa na petroli mpaka zikang'aa, akaziacha zikauke, na akanikataza kabisa kugusa uso wake kwa vidole vyenye grisi. Grisi kwenye sahani ni mkanda kuteleza, na mkanda ukiteleza nguvu inageuka moto. Kisha akamwambia dada aendeshe taratibu siku mbili za kwanza, mkanda mpya ujikalie. Siku ya tatu dada alirudi kutoka Pongwe, akaegesha, akavua helmeti, akasema, "Leo pale Kange nimeingia kabla ya basi, halijanikaribia hata." Akaingia ndani kupika.

Sasa zamu ya pikipiki yangu. Yangu ni ya cheni na gia za mguu, haina puli wala rola, na nilidhani hapo elimu ya Quebec imeishia. Binamu akaniuliza tu: "Spoketi ya mbele meno mangapi?" Kumi na manne. Nyuma? Arobaini na mawili. Akaniambia kwenye pikipiki za theluji, mbali na zile puli, kuna kasha la cheni lenye spoketi mbili, ya juu na ya chini, na anayetaka nguvu ya kuondokea anaweka ya juu ndogo au ya chini kubwa. Ni hesabu hiyo hiyo.

Gawanya 42 kwa 14 unapata 3. Injini inazungusha spoketi ya mbele mara tatu ili tairi lizunguke mara moja. Ondoa jino moja tu mbele, gawanya 42 kwa 13, unapata 3.23. Kwa kila gia, kwa mzunguko ule ule wa injini, tairi linapata nguvu ya kusukuma zaidi kwa karibu asilimia 8. Ukitaka kupata hicho hicho kwa nyuma unahitaji spoketi ya meno 45, ambayo ni ghali na inadai cheni ndefu zaidi. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Spoketi ya mbele ni kitu cha kukaa kiganjani, na kwenye pikipiki yangu imeshikwa na kibati na bolti mbili.

Ila hakuna cha bure. Mwendo ambao injini ilikuwa inanipa 80 kwa saa, kwa mzunguko ule ule sasa inanipa 74. Kwenye lami ya kwenda Muheza inalia zaidi na inakunywa kidogo zaidi. Cheni inajikunja kwa ukali zaidi kwenye spoketi ndogo, kwa hiyo inaisha mapema. Na meno 12 sikuyataka, ingawa vijana wengine wanaweka: hapo cheni inatafunwa na gia ya kwanza inakuwa fupi mno, unabadilisha kabla hujavuka mtaro. Anayepiga masafa ya lami, Tanga hadi Segera, namshauri abaki na ya kiwandani. Mimi riziki yangu iko mlimani.

Kabla ya kubadilisha, binamu alinilazimisha kupima. Hili nililiona usumbufu siku ile, na leo ndilo ninalolishukuru kuliko yote. Tulichagua kipande cha barabara kilichonyooka nje ya mji, asubuhi mapema, hakuna gari. Yeye amekaa nyuma kama abiria na saa ya simu. Kutoka kusimama mpaka mshale uguse 60. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, kwa sababu mwezi wa saba upepo wa kusi unakusukuma upande mmoja na kukuzuia upande wa pili, na mtu asiyejua atadhani ni spoketi. Wastani ulikuja sekunde 11.8. Akaandika.

Halafu kabla ya spoketi akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka nusu, likasimama. Breki ilikuwa inagusa. Nilikuwa naendesha na breki imeshika, sijui kwa muda gani, na mwaka ule ule nilikuwa nimechonga bloku. Tukaifungua, tukasafisha kutu kwenye kamu yake, tukapaka grisi kidogo, tukarekebisha fimbo. Gurudumu likazunguka mpaka likachoka lenyewe. Beringi ya mbele ilikuwa inakwaruza, tukabadilisha. Kebo ya klachi ilikuwa imevutwa kiasi kwamba haina mchezo kabisa kwenye mkono, kwa hiyo klachi ilikuwa inateleza kidogo kwenye mzigo. Tukailegeza mpaka mkono ukawa na mchezo wa unene wa kidole. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa chini sana. Chujio la hewa tulilikung'uta likatoa vumbi jekundu la kutosha kupanda mchicha. Tukapima tena: sekunde 11.2. Na bado hatujanunua kitu zaidi ya beringi.

Kisha spoketi ya meno 13, na cheni mpya pamoja na spoketi ya nyuma mpya ya meno yale yale 42, maana ya zamani ilikuwa imechongoka kama meno ya papa, na cheni kuukuu inaila spoketi mpya kabla haijatimiza miezi miwili. Ukipunguza jino mbele cheni inalegea, unarudisha gurudumu nyuma kidogo, na lazima alama za pande zote mbili zilingane. Gurudumu likikaa upande cheni inasugua na ile nguvu uliyoitafuta inaliwa hapo hapo. Tukaacha mchezo wa sentimita mbili na nusu katikati ya cheni, pikipiki ikiwa na mtu juu yake. Sekunde 10.5.

Kutoka 11.8 hadi 10.5. Injini ile ile, pistoni ile ile, kabureta ile ile.

Jambo la uzito ndilo lililotufanya tubishane. Kwenye mbio za theluji, binamu anasema, kuna kamba fupi inayozuia mbele ya mashine isiinuke. Ukiilegeza, unapovuta mafuta mashine inakalia nyuma, skii zinakuwa nyepesi, uzito wote unakwenda kwenye zulia nalo linang'ata. Wanaoshindana kwenye barafu wanaongeza na misumari kwenye zulia. Nguvu isiyong'ata chini haina kazi. Kwa hiyo yeye alitaka mzigo wangu ukae nyuma kabisa, tairi likandamizwe. Mimi najua barabara yangu. Kwenye mwinuko ule, mfuko wa sukari ukikaa nyuma ya ekseli, na sasa kuna nguvu zaidi, gurudumu la mbele linaelea na usukani hauna kitu cha kushika. Korongo liko kushoto. Tulikwenda Sigi kulijaribu, na mara ya kwanza tu mbele ikanyanyuka kama mbuzi aliyevutwa sikio. Akashuka bila kusema neno, tukaufungua mzigo, tukausogeza mbele mpaka ukagusa mgongo wangu na kiroba kidogo tukakiweka juu ya tangi. Uzito bado uko juu ya tairi la nyuma, lakini hauko nyuma yake. Hapo akakubali. Na la kung'ata tulilimaliza kwa tairi lenye vipande vikubwa, ingawa sikuchukua lile zito zaidi dukani, kwa sababu kilo moja iliyoko kwenye ukingo wa gurudumu inakugharimu karibu mara mbili ya kilo iliyoko kwenye kiti: unaisukuma kwenda mbele na unaizungusha kwa wakati mmoja.

Nilivua pia vyuma vya pembeni nilivyochomelea zamani kwa mapambo, kilo 9 kwenye mizani yangu ya viungo. Hilo halikuhitaji fundi.

Binamu ameondoka, amerudi kazini. Masika haya yaliyopita nilipandisha mama mmoja kutoka Muheza na mtoto mgongoni, na mfuko wa unga mbele ya kiti chake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kona ilikuwa inang'aa. Nilipokaribia nikasikia amejisogeza, mguu wa kulia unatafuta mahali pa kukanyaga, kama walivyozoea wote. Nikamwambia, "Kaa tu, mama." Nikaingia na gia ya pili. Injini ikazama kidogo pale katikati ambapo kuna jiwe, nikasubiri, sikuigusa klachi, na ikapanda yenyewe, taratibu, tairi likitafuna udongo na kuutupa nyuma. Tulipotoka juu kwenye mashamba ya chai mama akauliza kama nitashuka tena alasiri, maana ana pilipili manga kilo 20.

Usiku nikamrekodia binamu sauti ya pikipiki. Kwao kulikuwa bado kuna theluji. Akajibu baada ya nusu saa.

"Kaka, hiyo ni ile kona?"

"Ndiyo yenyewe."

"Gia ya pili mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Akatuma sauti nyingine, fupi. Alikuwa gereji, amewasha mashine ya mteja, akaiacha injini ipande mpaka mkanda ukashika, nikasikia zulia linaanza kuzunguka.